Nilikwenda kwa dokta na shida ya "huko chini" baada ya kukoma hedhi: nyota 4 kati ya 5

Natoa nyota 4 na nitaeleza kwa nini sio 5. Hii ni kliniki ya wanawake, jina naliacha kwa sababu nina malalamiko mawili matatu humu ndani na sitaki iwe kesi, halafu mengi ninayosema yatamfaa hata anayekwenda kwa dokta mwingine kabisa na shida kama yangu. Na samahani kwa watakaosoma wakiwa wanakula, nitataja vitu kwa majina yake, nimechoka kuzunguka.

Nina miaka 53. Hedhi ya mwisho niliiona nikiwa na 50, nikahesabu ile miezi 12 bila kuona kitu, ndio wanasema hapo sasa umekoma kweli, nikafurahi pedi nikagawa zote. Joto la ghafla nilikuwa nalo tangu kabla, usiku naamka shuka limelowa, lakini hilo halikuwahi kunisumbua kichwani kwa sababu linasemeka, ukiwa na wenzako mmoja anajipepea wote mnacheka mnaelewana. Hili lingine hakuna anayelisema hata kwa utani.

Lilianza kidogo kidogo. Kukauka kwanza, halafu kuwashwa, halafu nikikojoa mkojo unawaka, halafu nashikwa na mkojo ghafla nakimbia chooni natoa matone tu. Na tendo la ndoa likawa kama mtu ananiparuza na msasa, sitii chumvi. Nikawa nakwenda zahanati nasema mkojo unawaka, naambiwa UTI napewa antibayotiki, napata nafuu siku chache (au najidanganya nimepata) inarudi tena. Nimekaa nimehesabu, dozi 5 ndani ya miezi 18, na kati ya hizo mara 3 mkojo walipouotesha maabara kutafuta bakteria haukuota kitu chochote lakini bado nilitoka na dawa. Hakuna aliyeniuliza kitu kingine na mimi sikusema kitu kingine.

Kabla ya kliniki hii nilishajaribu dokta mmoja wa kike, rika langu kabisa, nikajua huyu mwenzangu hatanishangaa. Nikakaa nikasema "dokta nina shida kidogo huko chini". Akasema "ukavu?" nikasema ndiyo, akasema ndio umri huo mama, wote tunapita huko, tafuta mafuta upake. Mafuta gani, yapi, ndani au nje, mara ngapi, hakuna. Nilikuwa nje kabla kiti hakijapata joto. Sikumchukia, sikusema vya kutosha na najua, ila nilitoka na imani kwamba hakuna dawa ni kuvumilia, na hiyo imani imenigharimu karibu mwaka mzima.

Haya sasa kliniki yenyewe. Kitu cha kwanza kilichonipa matumaini ni fomu. Unajaza ukiwa umesubiri, na mbali na yale ya kawaida ya presha na kisukari na mzio, kuna sehemu imeandikwa waziwazi: uke mkavu, kuwashwa, maumivu wakati wa tendo la ndoa, damu baada ya tendo, mkojo kuwaka, mkojo kuvuja ukikohoa au kucheka, kupungua hamu. Kila kimoja unaweka tiki ndiyo, hapana au sitaki kujibu. Nilikaa naitazama ile karatasi kama barua ya mtu anayenijua. Nikaweka tiki sita. Mkono tu, mdomo haujafunguka, na tayari nimeshasema kuliko nilivyosema miaka miwili.

Halafu dada wa mapokezi akaiharibu. Akaichukua akaanza kuipitia kwa sauti kuangalia kama nimejaza yote, "maumivu wakati wa tendo la ndoa ndiyo, hapa kwenye hamu hujajaza mama, unaweka ndiyo au hapana?" na watu wamekaa nyuma yangu hatua mbili. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema weka unavyotaka. Hiyo ndio nyota moja imeondoka hapo hapo, na sijairudisha.

Nikaitwa ndani, nikakuta kijana. Kijana wa kiume, umri wa mwanangu wa pili, na kabla sijakaa akanipa shikamoo. Jamani. Nikaitikia marahaba na moyoni nikasema hapa ndio basi, mtoto aliyenipa shikamoo nitamwambiaje habari za kitandani kwangu, nikaanza kufikiria niseme nimekuja kupima presha tu niondoke.

Hakunipa nafasi hiyo. Fomu alikuwa ameshaisoma, na akaanza yeye, kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza kuhusu kikohozi: "Mama umeweka tiki kwenye maumivu wakati wa tendo. Yanaumia mlangoni pale pa kuingilia, au ndani kabisa?" Nikasema mlangoni. Akauliza kama panaungua au panachanika, ndivyo alivyosema, "kuungua au kuchanika", nikasema vyote. Akauliza tangu lini, kama kabla ya kukoma hedhi ilikuwa hivyo, nikasema hapana. Mimi nikarudia neno langu la siku zote kwamba kwa ujumla huko chini hakuko sawa. Akatoa karatasi akachora, akasema huko chini kuna sehemu tatu na kila moja ina majibu yake, kuna nje kwenye mashavu ya uke, kuna ndani kwenye uke wenyewe, na kuna njia ya mkojo, nionyeshe wapi panakusumbua. Nikaonyesha kwa kalamu. Nimezaa watoto watatu na siku hiyo ndio nimejua vizuri tundu la mkojo liko wapi, msinicheke.

Halafu maswali yakafuata ambayo nikiyafikiria sasa ndio yaliyofanya kazi yote. Dawa gani unameza, nikamtajia ikiwemo ya mafua ya mzio ninayomeza kila siku, akasema hiyo nayo inaweza kukausha utando wa mwili, sio mdomo na pua tu. Unaogea nini huko, nikasema sabuni yenye harufu nzuri, na ndani naingiza maji ya sabuni kidogo kwa sababu nilidhani labda ni uchafu. Alikunja uso kidogo tu, akasema acha leo, nje maji matupu yanatosha na ndani usiingize kitu, uke unajisafisha wenyewe. Je unatokwa na damu? Nikasema hapana. Akanyamaza sekunde, akauliza tena kwa namna nyingine, hata doa tu kwenye chupi baada ya tendo? Ah. Hapo ndio nikakumbuka kwamba ndiyo, mara mbili, nikaona ni mikwaruzo nikapuuza.

Hili akaliwekea mkazo na mimi naliwekea mkazo hapa: ukishapita miezi 12 bila hedhi, damu yoyote ile, hata tone, hata rangi ya pinki tu, unakwenda kuangaliwa. Mara nyingi ni utando umekonda na unachubuka lakini inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi, na ikiwahiwa inatibika vizuri. Nilifanyiwa ultrasaundi siku hiyo hiyo, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ulikuwa milimita 3, akasema ikiwa 4 kushuka chini ni habari njema ila damu ikirudi tena nisikae nayo eti kwa sababu kipimo kilikuwa kizuri, nirudi.

Kwenye kupima mwili. Akauliza kama niko radhi, akasema naweza kusema simama wakati wowote na atasimama, akamwita nesi wa kike akakaa upande wa kichwa changu. Kile chombo cha kufungulia alichukua kidogo kabisa akakipaka jeli kwanza, maana mara ya nyuma kwingine walinitia kikubwa kikavu nikalia. Akaangalia nje vizuri kabla ya ndani, akaeleza anatafuta kama kuna mabaka meupe kwa sababu kuna ugonjwa wa ngozi unaowasha sana huko na watu wanautibu kama fangasi miaka na miaka. Sikuwa nao. Akagusisha kikaratasi cha kupima asidi, rangi ikabadilika, ikasoma zaidi ya 5. Mwanamke anayeona hedhi kwa kawaida inakuwa chini ya 4.5 (namba ikipanda ndio asidi imepungua).

Maelezo yake nitayasema kwa maneno yangu kama nilivyoelewa. Homoni ya estrojeni ndio inaufanya ukuta wa uke uwe mnene, wenye mikunjo, unaovutika, na kwenye ule ukuta kuna sukari ambayo bakteria wazuri wanaishi kwayo na wao wanatengeneza asidi inayofukuza bakteria wabaya. Homoni ikishuka ukuta unakonda, mikunjo inalala, sukari inapungua, bakteria wazuri wanahama, asidi inapotea. Na njia ya mkojo na kibofu navyo vinaitegemea homoni hiyo hiyo ndio maana kuna kuwaka na kukimbilia choo, na UTI za kweli nazo zinaongezeka. Kwa hiyo sikuwa na magonjwa mawili, lilikuwa moja. Akasema hata madaktari wenyewe mwaka 2014 ndio wakabadilisha jina la hali hii liwe linataja uke na mkojo kwa pamoja, zamani jina lilitaja uke umesinyaa tu (jina la kukatisha tamaa kweli). Na akasema karibu nusu ya waliokoma hedhi wanayo, na tofauti yake na joto la ghafla ni kwamba joto kwa wengi linapoa lenyewe na miaka, hii haipoi, ukiiacha inazidi. Mimi miaka yote nasubiri ipite!

Nikauliza kuhusu leza, maana matangazo yamejaa ya kurudisha ujana huko. Akasema mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo mwaka 2018 juu ya mashine hizo kwa kazi hiyo, kuna watu wameungua na kupata makovu, na yeye hawezi kunishauri nilipie kitu ambacho faida yake haijathibitika wakati kuna dawa iliyopo miaka na inafanya kazi. Nilipenda hilo, hakutaka kuniuzia kitu.

Dawa niliyopewa: kwanza kilainishi cha kutunza uke, sio cha kitandani, hiki unaweka mara 2 au 3 kwa wiki hata kama huna mpango wowote, kama mtu anavyopaka losheni mikono. Cha kitandani ni kingine, cha maji au cha silikoni, na kama mnatumia kondomu msitumie cha mafuta kwa sababu mafuta yanaiharibu inapasuka (hapo nikakumbuka "tafuta mafuta upake"). Halafu vidonge vidogo vya estrojeni vya kuweka ukeni, maikrogramu 10, kila usiku wiki 2 halafu mara 2 kwa wiki. Akasema kuna krimu pia, na kuna pete laini unaiweka inakaa miezi 3, chaguo ni langu. Nikachagua vidonge kwa sababu krimu nina uvivu nayo na pete niliiogopa. Akasema pia kama mtu amewahi kuugua saratani ya matiti anaanza na vilainishi visivyo na homoni na homoni inajadiliwa na dokta wake wa saratani kwanza.

Sasa lawama ya pili na hii ni kubwa kuliko ya mapokezi. Nimefika nyumbani usiku nikafungua boksi nikasoma kikaratasi. Saratani ya matiti, kuganda damu, kiharusi, kichwa kupoteza kumbukumbu. Nilifunga boksi nikaweka kwenye droo na likakaa humo siku 9, mume anaulizia nasema naanza kesho. Siku ya 10 nikapiga simu kliniki, akapokea nesi, na nesi (huyu peke yake nyota 5) akanieleza taratibu kwamba maonyo yale yalitokana na utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, ambao ulihusu vidonge vya homoni vya kumeza, kwa wanawake ambao wastani wao ulikuwa miaka 63, halafu yakabandikwa kwenye kila kitu chenye estrojeni mpaka hiki kidogo cha ukeni ambacho kinachoingia kwenye damu ni kiasi kidogo mno. Akasema Novemba 2025 mamlaka ile ile ya dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuyaondoa maonyo hayo makubwa. Sasa kama mnajua kila mama akifika nyumbani atasoma kile kikaratasi, kwa nini dokta asiseme palepale kwamba utakuta imeandikwa hivi na hivi usishtuke? Dakika moja tu. Siku 9 zangu zimekwenda bure, na nina hakika kuna wenzangu boksi liko kwenye droo mpaka leo na hawajapiga simu.

Na kile kijiti cha kuwekea kidonge alinionyesha haraka haraka mara moja, nyumbani usiku wa kwanza kidonge kilianguka chini ya kitanda nikakitafuta na tochi. Unalala chali au unanyanyua mguu mmoja, unaingiza taratibu hakiingii chote, unabonyeza mpaka kisikike. Basi, mngeweza kuandika.

Matokeo. Wiki ya 2 nikaona hakuna kitu nikavunjika moyo. Wiki ya 4 au 5 hivi nikagundua sijawashwa tangu juzi. Kukimbilia choo kumepungua, usiku nilikuwa naamka mara 4 sasa mara 1 na siku nyingine siamki. Dokta alishasema nihesabu mpaka wiki 12 kabla ya kuhukumu na kweli, tendo la ndoa ndio lilichelewa kuliko vyote, nadhani kwa sababu mwili ulishazoea kujikaza ukitegemea maumivu. Hili nalo alilijua, akanielekeza kwa mtu wa mazoezi ya misuli ya nyonga, na mimi nilifikiri nitaambiwa kubana kama wanavyosema siku zote kumbe nilifundishwa kuachia, kupumua tumboni na kuachia, kwa sababu yangu ilikuwa imebana muda wote. Mara tatu nimekwenda, kunatosha.

Antibayotiki tangu hapo sijameza hata moja, huu mwezi wa 7.

Mume. Nilimwonyesha ule mchoro. Miaka miwili alikuwa anajua nimemchoka, hakusema, na mimi nilikuwa najua anajua, sikusema. Akaangalia karatasi muda mrefu akasema kumbe ni ngozi. Ndiyo, ni ngozi. Tukacheka mpaka machozi yakatoka, sijui kama yalikuwa ya kucheka yote.

Kwa anayetaka kwenda kwa dokta yeyote na hakuna fomu kama ile, fanya nilivyomshauri dada yangu, andika kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, kwa majina kamili sio "huko chini": uke unakauka, unaumia mlangoni, mkojo unawaka, nimetoka damu tarehe fulani, dawa ninazomeza ni hizi. Ukifika mdomo ukigoma mpe simu asome. Dada yangu alifanya hivyo, dokta wake akasoma akasema asante, ingenichukua nusu saa kukutoa hayo. Na ukiambiwa ni umri tu, uliza basi huu umri unatibiwa na nini. Akikosa jibu ondoka kwa adabu tafuta mwingine.

Kusubiri kwa wastani ni saa moja na nusu kupita muda wa miadi, nendeni mmejiandaa. Choo kisafi. Yule dada wa mapokezi nilimwandikia kwenye boksi la maoni, mara ya pili nilipokwenda nikakuta wameweka meza ya kurudishia fomu pembeni na bahasha, sijui kama ni kwa sababu yangu.

Miadi inayofuata ni baada ya miezi 3. Pale kwenye hamu bado sijajaza, ukavu umepona lakini hamu imerudi nusu, na nimesikia akina mama wengine wanapewa homoni ya testosteroni kidogo kwa hilo, nimeshaiandika kwenye simu.